Kibaraza cha Mama

Mwalimu aliubandika mkono wake wa kulia ukutani, juu kidogo ya kitanda cha mama yake, akauacha hapo kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, kisha akaugeuza na kumwonyesha mdogo wake. Kiganja kilikuwa kimelowa. Vipande viwili vya rangi nyeupe, vyembamba kama maganda ya kitunguu, vilikuwa vimenata vidoleni.

"Haya, fundi," alisema. "Soma hapo."

Mdogo wake alikitazama kiganja, akautazama ukuta. Ni mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mwenye mikono iliyokakamaa kwa vanishi, na katika mitaa ile hakuna anayemwita kwa jina lake. Anaitwa Bi Tone. Jina alipewa na muuza rangi wa barabarani, kwa sababu ya mazoea yake: hapaki kitu chochote, liwe tofali au ubao, kabla ya kuchovya vidole kwenye kikombe cha maji na kurusha matone. Tone likizama, mahali hapo pana kiu na panahitaji dawa. Tone likisimama kama shanga, anafunga kopo na kuondoka. Kazi yake ni kuzuia maji yasiingie ndani ya nyumba za watu: kuta za matofali, milango, madirisha, ngazi za mbao. Ameifanya kwa miaka ishirini na mitatu.

Na ukuta uliokuwa ukitoa jasho mbele yake aliupaka mwenyewe, miaka miwili nyuma.

"Shule zikifungwa nakuja na gari," alisema Mwalimu. Anafundisha hesabu, na hata nyumbani husema kama anayeandika ubaoni. "Mama atakaa kwangu. Wiki kumi zinatosha kufunga mizigo."

"Wiki kumi zinatosha kukausha ukuta."

"Miaka miwili haikutosha, dada. Kikohozi kile hukisikii? Au ndiyo mganga hajigangi?"

Mama yao alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mtandio mabegani. "Mkimaliza kunigawana," alisema, "mniambie nimeangukia kwa nani."

Walicheka wote watatu, lakini Mwalimu hakubadili neno. Alijifuta kiganja kwa leso, akaikunja leso, akaaga.

Haikuwa hoja ya kikohozi peke yake, na Bi Tone alilijua hilo kuliko kaka yake. Macho ya mama yao yalikuwa yamebaki na mwanga wa kutofautisha mlango na dirisha, basi. Lakini katika nyumba hii, aliyoishi kwa miaka thelathini na tisa, hakuwa kipofu. Alijua kwa mkono mahali pa kiberiti, kwa goti ukingo wa meza, kwa unyayo tofauti ya sakafu ya ukumbi na ya jikoni. Alijipikia, alijifulia, aliwafukuza kuku wa jirani bila kukosea upande. Kwa Mwalimu ni ghorofa ya nne, ngazi sitini na nne, kila kitu kipya. Kule angekuwa kipofu siku ya kwanza, na angeketi kwenye kiti kizuri mpaka mwisho wa maisha yake akisubiri kuletewa maji ya kunywa.

Kwa hiyo ukuta ulipaswa kukauka. Bi Tone hakuona njia nyingine, wala hakuitafuta.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya ushauri. Kila aliyepita alikuwa na dawa. Jirani wa kulia alisema paa linavuja. Jirani wa kushoto alisema ni pumzi za usiku, watu wazee wanalala wamefunga madirisha. Muuza rangi alishusha kopo kubwa kutoka rafu ya juu na kusema mkono mmoja zaidi wa dawa ileile ungemaliza maneno. "Usipoziba ufa utajenga ukuta, Bi Tone. Wewe ndiye wa kuambiwa?"

"Ukiuziba maji yakiwa ndani, utaujenga vilevile," alijibu. "Rudisha kopo lako. Nipe nailoni ile ya kufunikia vitabu, na gundi ya karatasi."

"Unaufunika ukuta kama daftari?"

"Nauuliza swali."

Alikata vipande sita vya nailoni nyeupe isiyoficha kitu, kila kimoja ukubwa wa sahani, akavibandika ukutani ndani ya chumba kutoka sakafuni hadi karibu na dari, akaziba kingo zote nne kwa gundi. Kisha akasubiri siku mbili. Kipimo hicho ni rahisi kama kupima chumvi kwa ulimi. Ukungu ukitanda juu ya nailoni, upande wa chumba, unyevu unatoka hewani, na dawa yake ni kufungua madirisha. Ukitanda nyuma, kati ya nailoni na ukuta, basi ukuta wenyewe ndio unaotoa maji.

Siku ya tatu asubuhi alipiga magoti na taa ya mkononi. Vipande vitatu vya chini vilikuwa na matone makubwa, yote nyuma. Cha nne kilikuwa na ukungu hafifu, nyuma pia. Viwili vya juu vilikuwa vikavu.

"Vinasemaje?" aliuliza mama yake.

"Vinasema paa halina kosa, mama. Wala pumzi zako. Maji yanapanda kutoka chini."

"Maji yanapanda? Tangu lini?"

Swali lilikuwa zuri. Tofali hunyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, kila fundi analijua hilo, na ndiyo maana waashi hulaza ukanda wa nailoni nyeusi juu ya msingi kabla ya kuinua ukuta. Maji ya ardhini yakifika kwenye ukanda huo hukwama. Nyumba hii ilikuwa nao. Marehemu baba yao aliwasimamia waashi mwenyewe, na kwa miaka thelathini na saba ukuta haukuwahi kulowa. Kwa nini sasa?

Bi Tone alitoka nje, akaenda mbele ya nyumba, akachuchumaa. Pale ukanda ulionekana vizuri: mstari mweusi, mwembamba kama uzi wa mshonaji, kati ya mstari wa pili na wa tatu wa matofali kutoka ardhini. Aliuwekea kidole na kuanza kuufuata, akitembea kwa kuchuchumaa kama bata. Akapita chini ya dirisha la ukumbi. Akakunja kona. Hatua mbili baada ya kona, mstari ukazama chini ya saruji, na kidole chake kikagota kwenye kibaraza.

Alikaa pale muda mrefu kidole kikiwa palepale.

Kibaraza kile alikimwaga yeye. Kilikuwa njia ya saruji, upana wa hatua moja, iliyoukumbatia ukuta kutoka mlango wa nyuma, kupita chumba cha mama, hadi bombani. Alikijenga macho ya mama yalipoanza kufifia, ili aweze kufika bombani mkono ukiwa ukutani na mguu mahali pakavu. Alikiinua juu ili tope lisikifikie, mistari minne ya matofali, na kwa kuinua juu akaufukia ule ukanda mweusi. Maji yalikuwa yameshapata daraja. Yalitoka ardhini, yakaingia kwenye saruji, yakavuka ukanda kwa ubavu na kuingia kwenye tofali. Kisha, kwa bidii ya fundi anayempenda mama yake, akalipaka tofali upande wa nje dawa ya kung'aa, nzito, mikono mitatu. Maji yaliyoingia hayakuwa na pa kutokea ila chumbani.

Kazi yote ilikuwa safi. Hakuna hata tone moja la saruji lililodondoka vibaya. Na yote ilikuwa makosa.

Aliingia ndani kumwambia mwenye kibaraza.

"Hapana," alisema mama yake.

"Mama, maji—"

"Nimesikia maji. Hapana. Kibaraza changu hukigusi. Nyumba nzima hiyo ndiyo njia yangu. Unataka niende bombani kwa kuruka kama chura?"

"Nitakufungia kamba ya kushika."

"Kamba! Mimi mbuzi?"

"Mama, kibaraza kikibaki, wewe utaondoka. Mwalimu hatanii."

Bibi yule alipapasa mtandio wake, akaupata, akaukunja mara mbili. "Ulikijenga siku tano," alisema hatimaye. "Ulinyeshewa siku ya tatu, nikakuambia ingia ndani, ukakataa."

"Nakumbuka."

"Basi kakivunje mwenyewe. Usimlete mtu."

Alikivunja mwenyewe. Nyundo ya ratili kumi, patasi mbili, kitambaa cha kufunga pua. Saruji yake ilikuwa nzuri, hilo ndilo lililomuumiza. Ilikataa kupasuka kama ilivyokusudiwa. Watu walisimama kwenye uzio. "Fundi kagombana na kazi yake!" alisema mmoja. "Kaitaliki!" alisema mwingine. Bi Tone aliwajibu kwamba talaka ni karatasi tu, hii ni nyundo, waje washike. Hakuna aliyekuja. Siku ya nne jioni mstari mweusi ulikuwa wazi tena kutoka kona hadi bombani, na chini yake mtaro uliojazwa kokoto ili maji ya mvua yazame na kwenda zake.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Aliikwangua dawa ya nje kwa brashi ya waya, tofali moja baada ya jingine, matofali mia tatu na kumi na mawili kwa hesabu yake. Mengine yalibomoka uso kama biskuti, kwa sababu ya chumvi iliyokuwa imejikusanya nyuma ya ule mng'ao. Ndani aliibomoa plasta hadi usawa wa kifua. Kitanda cha mama kilihamia ukumbini. Fremu ya mlango wa nyuma nayo ikatoa siri yake: aliipaka vanishi pande zote zinazoonekana, lakini miguu yake miwili, pale ubao ulipokatwa na kukaa juu ya saruji, hakuipaka. Ilikuwa imekunywa miaka miwili. Aliikata sehemu iliyooza, shibiri moja kila mguu, akaunga mbao mpya.

Katikati ya wiki ya tano mama yake aliikosa kamba aliyofungiwa kuelekea bombani, mguu ukaingia kwenye kokoto, akaanguka. Alichubuka muundi. "Usimwambie Mwalimu," alisema, akioshwa kidonda.

Bi Tone alimpigia simu Mwalimu kabla dawa haijakauka.

"Unaniongezea sababu," kaka yake alisema.

"Najua. Nakwambia kwa sababu utauliza."

Kila Jumamosi alichora mstari ukutani kwa penseli, pale unyevu ulipoishia, na kuandika tarehe pembeni. Haikuwa kazi ya kupendeza. Jumamosi ya kwanza mstari ulikuwa kifuani. Ya pili ulishuka upana wa kiganja. Ya tatu vivyo hivyo. Kisha ukaanza kujivuta. Tofali nene hukauka kwa miezi, na hakuna fundi wala mganga anayeweza kuliharakisha bila kulipasua. Alifungua madirisha asubuhi, akayafunga mvua ilipotishia, akayafungua tena. Zaidi ya hapo hapakuwa na la kufanya, na kwa mtu wa aina yake hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko nyundo.

Wiki hizo za kusubiri hazikupita bure. Alizikumbuka nyumba mbili nyingine alizozijengea vibaraza vya namna ileile, ya nesi na ya mzee wa gereji, akaenda kuzikagua kwa kidole. Kwa mzee wa gereji ukanda ulikuwa wazi. Kwa nesi ulikuwa umefukiwa.

"Umekuja kubomoa bila kuitwa?" nesi aliuliza, mikono kiunoni.

"Nimekuja kuomba radhi kwanza. Kubomoa ni kesho."

Wiki ya kumi muuza rangi alimsimamisha barabarani. Alikuwa amesikia kila kitu. Duka la rangi husikia kila kitu. "Bi Tone, sikiliza. Umefanya kazi kubwa, nani atabisha? Ila Mwalimu anakuja keshokutwa na kuta ziko uchi. Kopo moja la nyeupe. Siku moja. Itakaa wiki tatu kabla haijachubuka, na wiki tatu zikipita yeye yuko darasani. Kaka yako anakuja na miwani, haji na nyundo."

Alikuwa sahihi, na Bi Tone alijua hata rangi ipi ingefaa.

"Ukuta ule nilishaupaka poda mara moja," alisema. "Nani aliugua?"

"Lakini atamchukua!"

"Akimchukua, amchukue ameuona."

Usiku ule mvua ya kwanza ya msimu ilianguka, nzito, na iliendelea hadi adhuhuri ya siku iliyofuata.

Mwalimu aliwasili Jumamosi saa nne asubuhi, amevaa shati la kazini, ameshika sanduku tupu. Aliingia chumbani, akasimama. Matofali mekundu yalikuwa wazi hadi kifuani, yenye madoa, mabovu kuyatazama, na juu yake mistari tisa ya penseli kama alama za mtoto anayepimwa urefu.

Aliubandika mkono palepale pa siku ile. Akahesabu. Akautazama. Ulikuwa na vumbi jekundu, mkavu. Akainama, akaubandika chini ya goti.

"Huku bado kumelowa."

"Bado," alisema Bi Tone. "Kuanzia gotini kwenda chini. Utakauka mwezi wa tatu kuanzia leo, au wa nne. Sikudanganyi."

Mwalimu alivaa miwani. Alitoa mfukoni futi ya chuma, kwani ni mtu wa kutembea na futi, akapima nafasi kati ya mistari. "Kumi na moja. Kumi na moja. Tisa. Nane. Sita." Alipima zote. "Kasi inapungua."

"Juu hukauka haraka, chini polepole. Chini ndiko maji yalikokaa siku nyingi."

"Au maji yanaingia tena, na mwezi ujao itasimama."

"Mvua ya juzi uliisikia?"

"Nani hakuisikia."

"Huu ni mstari wa Alhamisi, niliuongeza kabla ya mvua." Alionyesha. "Na huu ni wa leo, nimeuchora kabla hujafika. Mvua saa kumi na sita. Angalia."

Mwalimu alipiga magoti, suruali yake nzuri kwenye vumbi la plasta. Mstari wa leo ulikuwa chini ya ule wa Alhamisi kwa unene wa kidole. Alipima mara mbili. Akatoka nje, wakamsikia akitembea juu ya kokoto, akisimama, akitembea tena. Aliporudi alikuwa ameikunja futi.

"Chini ya ukanda tofali limelowa chapachapa," alisema. "Juu ya ukanda halina kitu."

"Ndiyo kazi yake ukanda."

"Miaka miwili ulikuwa umeufukia."

"Miaka miwili," alisema Bi Tone.

Alitegemea maneno zaidi, na alikuwa tayari kuyapokea yote, lakini aliyesema alikuwa mama yao, kutoka mlangoni, mkono juu ya fremu mpya.

"Mmemaliza kuusoma ukuta wangu? Au niwaletee na ubao na chaki?"

"Mama," alisema Mwalimu, "wewe mwenyewe unasemaje? Ukumbini utalala miezi minne mingine."

"Ahaa. Leo nimeulizwa." Alisogea hadi mkono wake ukagusa bega la mwanawe. "Nimelala ukumbini wiki nane na sijakohoa hata kuku washtuke. Nabaki. Lakini sitaki kamba. Nataka njia yangu ya bombani, na nimeambiwa saruji hairudi. Sasa nyie wawili mliosoma, mtanitembeza juu ya nini?"

Bi Tone alikuwa na jibu, limeegemezwa nyuma ya jiko tangu juzi: mbao kumi na nne nzito, zimeshapigwa msasa, za kulazwa juu ya vipande vya tofali zikiwa chini ya mstari mweusi, na nafasi ya ngumi moja kati yake na ukuta, maji yashuke na hewa ipite. Ubavuni reli ya kushika, kutoka mlangoni hadi bombani. Kilichobaki ni kuzinywesha mafuta.

Mwalimu alizitazama mbao, akalitazama sanduku lake tupu, akaliweka kando ya mlango. Akakunja mikono ya shati, mara tatu kila mkono, sawasawa.

"Nipe brashi."

"Utachafuka, kaka."

"Nimeshachafuka. Nianzie wapi?"

"Kwenye kichwa."

"Ubao una kichwa?"

"Pale ulipokatwa. Ndiko unakonywea. Mgongo na tumbo baadaye."

Alichovya, akapaka kwa uangalifu wa mtu anayesahihisha mitihani, vichwa vyote ishirini na vinane, huku mama yao ameketi kizingitini akiuliza kila baada ya muda wamefika wa ngapi. Alipomaliza alinyoosha mgongo na kutazama kazi yake. Mafuta yalikuwa yameshazama, vichwa vimerudi kuwa vikavu kana kwamba hakupita mtu.

"Nimekosea wapi?" aliuliza.

"Hujakosea," alisema Bi Tone, akisogeza kopo karibu na mguu wake. "Hiyo ni mara ya kwanza. Zimebaki mbili."

Mwalimu alichovya tena brashi.